Jumanne na Alhamisi za Mukashyaka

Mukashyaka alikuwa akijisifu kwamba hana wivu, na kwa miaka sitini na miwili hakuna aliyethubutu kumbishia. Alipokuwa msichana katika milima ya Kivu Kusini, baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na wanne na jirani yao alikuwa na hamsini, na hakumwonea kijicho binti wa jirani hata siku moja. Kambini aliwaona wenzake wakiitwa majina kwenda Amerika mwaka baada ya mwaka, yeye akabaki, na kila mara aliwasindikiza hadi kwenye basi akiimba. Basi anayetaka kujua mwanamke wa namna hiyo alivyokuja kumwonea gere Spés, mtu mpole aliyesali naye kanisa moja, na ajue kwamba yote yalianza na karatasi aliyoikataa kwa mdomo wake mwenyewe.

Karatasi hiyo ililetwa na mkamwana wake, Mutesi, jioni moja ya Januari. Mukashyaka alikuwa akiishi peke yake katika apatimenti ya chumba kimoja kule Highview, kusini mwa Louisville. Mwanawe Rurangwa na Mutesi walikaa jengo la pili, ng'ambo ya maegesho ya magari. Aliipenda hali hiyo. Alikuwa akisema kwamba mama mkwe na mkamwana wakitumia sufuria moja, kitakachoungua si chakula peke yake. Kodi ya chumba chake aliilipa kwa kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, siku nne kwa wiki, na Jumanne na Alhamisi alikuwa nyumbani. Rurangwa aliendesha malori ya masafa marefu, akaonekana mara moja kwa wiki, amechoka hata kusalimia. Mutesi alikuwa amebaki nyumbani na binti yao, Gisubizo, tangu azaliwe. Sasa mtoto alikuwa ametimiza miaka miwili na nusu, na Mutesi alitaka kurudi kwenye ghala la mtaa wa Okolona alikokuwa akifungasha maboksi.

Mutesi alieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji wa moto. Serikali huwasaidia wazazi wanaofanya kazi na wasio na kipato cha kutosha, lakini fedha haimpi mzazi mkononi. Humlipa yule anayebaki na mtoto. Anayebaki na mtoto anaweza kuwa mtu mwenye leseni na nyumba iliyokaguliwa, au anaweza kuwa ndugu wa damu, kwa mfano bibi yake, ingawa ndugu hulipwa pungufu. Kwa hiyo Mama aachane na mashuka ya watu, aweke sahihi pale chini, abaki na Gisubizo, na serikali imlipe.

Mukashyaka aliitazama karatasi ile bila kuigusa. Kwa watu wake, kuna kuchunga ng'ombe wako na kuna kuchunga wa mwenzio. Anayechunga wa mwenzio hupewa maziwa, siku moja hupewa ndama, na tangu siku hiyo ana bwana. Aliyempa ng'ombe ana neno juu ya kila ndama atakayezaliwa, hata wakipita wajukuu. Anayechunga wake hasubiri kulipwa na mtu. Sasa serikali ikitoa fedha yake juu ya Gisubizo, kesho ikija kudai neno juu ya Gisubizo, yeye Mukashyaka atajibu nini?

"Mimi siwezi kuuzisha mutoto wa mwana wangu," alisema. "Nitamulea bure."

"Bure haitalipa nyumba yako, Mama," Mutesi alijibu.

Usiku huohuo Rurangwa alipiga simu kutoka barabarani, akasema yaleyale kwa sauti ya chini zaidi. Mukashyaka hakutikisika. Alijua kwamba hawangepata pa kumweka mtoto, na kwamba baada ya siku chache wangerudi kumbembeleza, na hapo angewaambia kwamba desturi ni desturi na wao watafute namna ya kumsaidia kodi. Alisubiri. Wiki mbili zikapita, na Mutesi akaja kumwambia, bila kukaa, kwamba Gisubizo amepata nafasi kwa Spés.

Spés alikuwa Mrundi aliyelelewa katika kambi za Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, mjane, na alikodi nyumba ndogo kule Okolona yenye ua wa nyuma uliozungushiwa uzio. Leseni yake ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye fremu, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Alilea watoto sita, na wote walimwita Bibi, kwa kuwa ndivyo wanawake wenye heshima walivyoitwa kambini kwao. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake, na jambo hilo peke yake linatosha kumchosha mtu.

Siku za Jumanne na Alhamisi Mutesi aliingia kazini alfajiri, kwa hiyo Mukashyaka ndiye aliyempeleka mtoto, basi moja na mwendo wa dakika kumi, na ndiye aliyemrudisha alasiri. Siku za kwanza Gisubizo alilia mlangoni akimng'ang'ania shingoni, na Mukashyaka alirudi nyumbani ametulia. Wiki ya tatu mtoto alivua viatu mwenyewe, akaingia ndani mbio, hata hakugeuka. Na Alhamisi ya wiki ya nne, alipokwenda kumchukua, alimkuta amekaa mapajani pa Spés anasukwa nywele. Alimwita. Gisubizo alimtazama, akajificha uso kwenye kifua cha Spés, akasema kwa Kiingereza kwamba hataki kwenda.

Wivu haupigi hodi. Uliingia kwa Mukashyaka pale pale mlangoni, viatu vikiwa mguuni, na haukutoka tena.

Pale mlangoni palikuwa na tableti imefungwa ukutani. Kila aliyemleta mtoto aliweka namba ya siri, saa ikaandikwa. Akija kumchukua, hivyohivyo. Siku moja Mukashyaka aliuliza kile kidude kina kazi gani, na Spés, ambaye hakuwa na siri, akamweleza. Mtoto asipoingizwa humo, serikali haijui kwamba alikuja. Wanalipa siku alizokuja. Anaruhusiwa kukosa siku chache kwa mwezi kwa ajili ya ugonjwa, nazo wanalipa. Zikizidi hizo, kiti kinabaki kitupu na hakuna wa kukilipia, na kiti hicho Spés hawezi kumpa mtoto mwingine kwa kuwa mwenyewe bado yumo kwenye orodha. Kodi ya nyumba haiulizi nani alikuja. Mdogo wa Spés, Ange, aliyelea watoto kule Buffalo, jimbo lingine, alikuwa akimwambia kwamba upande wao hawabanwi sana na mtoto aliyekosa. "Lakini huku, mama yangu," Spés alisema akicheka, "mtoto akipiga chafya, mimi ndiye ninayeugua mafua."

Mtu mwingine angesikia hapo shida ya mwanamke anayehangaika. Mukashyaka alisikia jambo moja tu: kila akibonyeza namba zile, kidole chake mwenyewe ndicho kinachomlipa Spés kwa kumshika mjukuu wake. Njia nzima ndani ya basi alikitazama kidole hicho.

Tangu hapo hakuona kitu katika nyumba ile kisichomchoma. Spés alinunua zulia jipya lenye herufi za rangi. Mukashyaka akasema moyoni, zulia la Gisubizo hilo. Spés alikuja kanisani na viatu vipya, navyo akavihesabu kuwa vya Gisubizo. Kazini, akikunja mashuka ya wazee wasiomjua jina, aliona mikono ya Spés ikimvisha mjukuu wake sweta, ikimfuta pua, ikimwinua. Alijiuliza saa hizi wanafanya nini, na kila saa jibu lilikuwa baya kuliko la saa iliyopita. Yeye alilipwa kwa kushika mashuka ya wageni na mgeni alilipwa kwa kumshika mtoto wake. Kwamba mambo aliyapanga yeye mwenyewe kwa mdomo wake, hilo alilijua, nalo ndilo lililofanya donge lisimezeke.

Kisha akagundua habari ya maziwa. Alasiri moja Gisubizo aliacha kikombe mezani kwa Spés, Mukashyaka akaonja, akakirudisha. Kwao maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa yalikuwa na ladha kuliko yale. Spés alieleza kwamba ule mpango wa chakula unaomrudishia gharama za milo unataka watoto waliopita miaka miwili wanywe maziwa yaliyotolewa mafuta, na mkaguzi huja kufungua friji. Alhamisi iliyofuata Mukashyaka alileta chupa ya mtindi alioutengeneza mwenyewe, mzito, wa kushika kijiko. Spés aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alasiri akaurudisha haujafunguliwa. Basi. Wivu ulikuwa umepata nguo ya kuvaa. Sasa ulijiita huruma kwa mtoto.

Jumanne ya kwanza ya Machi Gisubizo alikohoa kweli. Mukashyaka alimtumia Spés ujumbe kwamba mtoto ana homa, hatakuja, akambeba mgongoni kwa kitenge ndani ya chumba chake kidogo, akamwimbia nyimbo za kukamua, akampa mtindi, na mtoto akalala pale mgongoni akipumua shingoni mwake. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu ashuke kwenye ndege. Alhamisi mtoto hakukohoa, lakini Mukashyaka alituma ujumbe uleule. Jumanne nayo, na Alhamisi nayo. Alasiri, saa ya kawaida, alivuka maegesho ya magari na kumkabidhi Mutesi mtoto wake kana kwamba wanatoka Okolona. Gisubizo alimweleza mama yake kwamba alikuwa kwa Nyogokuru, yaani bibi kwa lugha ya kwao, na Mutesi, mgongo ukimuuma, alidhani anasema habari ya saa ile ya kurudi.

Angekomea hapo, labda Spés angestahimili. Lakini mwenye wivu hapendi kula peke yake. Katika kwaya ya akina mama walikuwamo mabibi wawili wengine, mmoja ana mjukuu mmoja kwa Spés, mwingine ana wawili. Baada ya mazoezi Mukashyaka aliwaambia jinsi anavyomfaidi mjukuu wake Jumanne na Alhamisi. Hakumtaja Spés kwa ubaya, hata kidogo. Alisema tu kwamba zamani mtoto aliyeachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi yake akajifunza kusema, na kwamba wajukuu wa huku wanakua hawajui hata majina ya ng'ombe. Mabibi wale waliguswa. Nao walikuwa na siku zao za mapumziko na roho zao za bibi, na kufikia Aprili, kila Jumanne na Alhamisi, viti vinne kati ya sita nyumbani kwa Spés vilikuwa vitupu.

Siku moja, akienda dukani na mtoto, Mukashyaka alipita kwa basi karibu na nyumba ile. Alimwona Spés amekaa kwenye ngazi za mlango, mtoto mmoja pembeni yake na wa pili mapajani, anatazama barabara kama anayengoja mgeni. Mukashyaka alifurahi. Tusimfichie. Alimgeuza Gisubizo uso ili asione, na furaha ile ikamshuka tumboni kama maziwa ya moto.

Spés alikuja kumtembelea Jumapili moja ya Mei baada ya ibada, mkononi ana mfuko wa ndagala, dagaa wakavu, aliotumiwa na Ange. Walikula, wakaulizana habari. Kisha akasema kwamba mwisho wa mwezi anafunga nyumba. Ameshindwa kodi mara mbili. Watoto wamekuwa wagonjwa sana mwaka huu, sijui ni hewa, alisema, na hakumlaumu mtu. Angekwenda Buffalo kufanya kazi nyumbani kwa Ange, awe msaidizi wa mdogo wake, kwa kuwa hana namna. Mukashyaka aliinamisha uso kwa heshima, na ndani ya moyo wake alikuwa akicheza ngoma.

Ndipo Spés akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

"Mimi nilimwambia Mutesi tangu mwanzo," alisema. "Ile karatasi ya ndugu, nilimpa mimi. Wakati ule nilikuwa na watoto wengine wanaongoja nafasi. Nikamwambia, bibi yake akikubali, usimlete kwangu. Mtoto hawezi kupata mikono mizuri kuliko ya bibi yake."

Mukashyaka alifungua kinywa. Neno la kuungama lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na lingetoka huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini badala ya neno hilo akauliza kama karatasi kama ile bado inapatikana.

Spés alifurahi hata machozi yakamlenga. Alirudi Jumatatu jioni na karatasi mpya, wakaijaza pamoja mezani, jina, tarehe ya kuzaliwa ambayo ni ile aliyopangiwa kambini, uhusiano na mtoto. Mukashyaka alitia sahihi. Kuhusu ng'ombe na bwana wa ng'ombe hakukumbuka hata kidogo. Wivu ulikuwa umeishinda desturi ambayo njaa na vita havikuishinda. Alijiona ameshinda kotekote: Spés anaondoka, mtoto anarudi, na mashuka watayakunja wengine.

Alichukuliwa alama za vidole. Alihudhuria mafunzo ya jinsi ya kumlaza mtoto mchanga, yeye aliyezaa saba, na binti mmoja wa umri wa wajukuu wake alimwonyesha kwa kutumia mwanasesere wa mpira kwamba mtoto hulazwa chali. Aliambiwa barua ya kukubaliwa ingefika baada ya wiki kadhaa. Alirudi nyumbani, akanunua kikombe kidogo cha njano, akakiweka mezani.

Barua iliyotangulia haikuwa yake. Ilikwenda ng'ambo ya maegesho, kwa Mutesi, na ilisema kwamba mtoto Gisubizo amekosa siku nyingi kupita zilizoruhusiwa kwa miezi miwili mfululizo, kwamba msaada umesimamishwa, na kwamba mzazi atoe maelezo. Mutesi aliisoma mara mbili. Kisha akampigia Spés, na Spés, ambaye hakuwa na siri, alimtumia jumbe zote kama alivyozipokea.

Jumamosi alasiri, Mukashyaka aliporudi kutoka kazini, alimkuta mkamwana wake amesimama mlangoni, ana barua mkono mmoja na simu mkono wa pili. Hakuketi. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliotisha.

"Mama, Gisubizo alikuwaka na homa mara kumi na saba?"

Mukashyaka alitazama kikombe cha njano. Alisema kwamba mtoto ni wake.

"Ni wako," Mutesi alisema. "Juu ya ile nilikuombaka uweke sinyatire chini ya ile karatasi, ukakatala. Bon. Nikamupeleka kwa Spés, ukamufungisha Spés nyumba. Sasa nimuweke wapi? Ndani ya karton, kule kazini?"

"Nimeshaweka sinyatire. Barua iko njiani."

"Na siku mutoto atanipenda mimi kupita wewe, Mama, utanifanyia nini?"

Mukashyaka alitaka kumwambia kwamba kwa mkamwana haiwezekani, kwamba ilikuwa kwa Spés tu, lakini alikumbuka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, akimwona dirishani Mutesi anamfunga mtoto mkanda wa kiti cha gari na kumbusu paji la uso, na jinsi alivyokuwa akivuta pazia. Mutesi alikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akatoka bila kuubamiza mlango.

Kesho yake, Jumapili, hawakuonekana kanisani. Mutesi alimpakia Gisubizo garini na begi lake la nguo, akaendesha kwa saa tatu na nusu hadi Columbus, jimbo jirani, mtaa wa Linden, anakoishi mama yake mzazi, Kanyange. Rurangwa alimpigia mama yake simu kumweleza, akamaliza kwa kusema barabara ina mvua. Mtoto angekaa huko mpaka atakapoanza shule, na Mutesi angekwenda kila Jumapili ya pili.

Na hapa ndipo wivu wa Mukashyaka, uliokuwa mtambaazi, ukasimama kwa miguu yake. Kwa maana Kanyange alikuwa bibi kama yeye. Alitoka milima ileile, aliimba nyimbo zilezile za kukamua, alijua mtindi. Spés, Mukashyaka angeweza kumwita mgeni anayelipwa. Kanyange angemwita nini? Tena Kanyange alikuwa nyumbani mchana kutwa kwa sababu moja tu, ambayo Mukashyaka alielezwa na kila mtu ambaye hakumwuliza: mwaka juzi mtoto wake wa kiume alimletea karatasi kama ile, kwa ajili ya watoto wake wawili, na Kanyange akatia sahihi bila hata kuvaa miwani. Serikali ya huko ilimlipa kwa hao wawili, ikampatia kodi, akaachana na kiwanda cha kuku. Gisubizo hakuwamo kwenye karatasi yoyote. Huyo wa tatu Kanyange alimlea katikati ya hao wengine, kwa mapenzi yake, bure.

Neno hilo bure Mukashyaka alilala nalo na kuamka nalo. Lilikuwa lake. Alilisema yeye wa kwanza, Januari, mbele ya Mutesi, na sasa alikuwa nalo mwanamke mwingine katika mji mwingine, kwa sababu hakuona haya kulipwa.

Watu wa Columbus walimpigia simu ya video Jumatano jioni. Kanyange alikuwa amekaa kwenye kochi, wajukuu watatu wamemzunguka, na Gisubizo yuko katikati, mdomo wa juu mweupe kwa maziwa. Kanyange alimsalimu kwa heshima zote, akamwita bamwana, kama waitanavyo wazazi ambao watoto wao wameoana, akasema mtoto analala vizuri na ameanza kutaja majina ya ng'ombe. Mukashyaka alimwita Gisubizo. Mtoto alikuja karibu na simu, akaonyesha kikombe kitupu, kisha akageuka kuomba maziwa mengine, na Kanyange akaitwa kwa jina lile lile: Nyogokuru. Mukashyaka alisema mtandao ni mbaya, akakata.

Mabibi wa kwaya waliacha kumkalia karibu. Nao walikuwa wamepata barua zao, na binti zao walikuwa wamewakaripia. Mmoja alimwambia uso kwa uso kwamba majuto ni mjukuu, kisha akaona alilolisema, akashika mdomo. Kutoka Buffalo, Spés alituma salamu kwa sauti yake iliyonyooka. Alisema ana kazi, ana afya, watoto wa huko wana kelele. Akauliza Gisubizo anaendeleaje kwa bibi yake, akaongeza kwamba mkaguzi akija Mukashyaka asiogope, aweke tu maziwa membamba mbele. Alikuwa bado hajajua ni nani aliyemfungisha nyumba, au alijua na akaamua kubaki mpole vilevile. Mukashyaka aliisikiliza salamu hiyo mara nyingi akitafuta ndani yake neno la chuki, angalau moja, limpunguzie. Hakulipata.

Barua yake ilifika mwishoni mwa Juni, bahasha nene. Alimpelekea mhudumu wa kanisa amsomee. Serikali ilifurahi kumjulisha kwamba amekubaliwa kuwa mlezi wa ndugu, kwa mtoto Gisubizo, siku tano kwa wiki. Angelipwa kwa kila siku ambayo mtoto atahudhuria. Ndani mlikuwa na karatasi za mahudhurio za mwezi mzima, zenye mistari ya tarehe na visanduku viwili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na maelekezo kwamba zijazwe kila siku, kwa kalamu, na kwa ukweli.

Mhudumu alimwambia apige simu ofisini, aseme mtoto hayupo, wafute. Alisema atapiga. Jumanne, siku yake ya kukaa nyumbani, aliamka mapema, akachemsha maziwa, akamimina kwenye kikombe cha njano. Aliketi mezani, akavaa miwani, akaandika jina la Gisubizo kwenye mstari wa kwanza kwa herufi kubwa, moja moja. Kisha akasogeza kalamu hadi kwenye kisanduku cha saa ya kuingia, akangoja, na maziwa yakaota utando.